Duka la Chambo la Kisumu Ndogo

Katika duka la chambo la Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera, mteja haulizwi kwanza anataka nini. Anaulizwa maji yalikuwaje. Kama ulikwenda ziwani Naivasha Jumamosi, basi siku utakayorudi dukani unasimama mbele ya kaunta na mkebe wako mtupu mkononi, na unasema: maji yalikuwa ya rangi gani, yalifika alama ipi kwenye ule mti mkavu uliosimama ufukoni, upepo ulianza saa ngapi na kutoka upande gani, na kiboko alikuwa amelala kwenye mafunjo yapi. Ukimaliza, mkebe wako unajazwa minyoo. Ambaye hakwenda hadaiwi chochote. Yeye husikiliza tu.

Kuhusu samaki, unaruhusiwa kudanganya. Kulikuwa na mzee mmoja Mnubi, fundi cherehani aliyestaafu kutoka upande wa Makina, ambaye kila wiki aliponyokwa na samaki yuleyule, na kila wiki samaki huyo alikuwa amenenepa. Hakuna aliyemkatiza. Lakini nakumbuka jamaa aliyesema kwamba kiboko ameondoka kwenye kona fulani, kumbe bado yumo; alitaka watu wengine waende huko, na yeye abaki peke yake mahali pazuri. Mwenye duka alipojua, alimrudishia mkebe wake bila mnyoo hata mmoja.

"Samaki ni wako," alimwambia. "Maji ni ya wote. Enda ununue kwingine."

Kwingine hakukuwapo. Yule jamaa alianza kuchimba minyoo yake mwenyewe kando ya mtaro, na tukasikia kwamba baadaye aliacha kabisa kuvua akaingia kwaya.

Duka lenyewe ni chumba cha mabati. Mbele, chini ya turubai, mama mzazi wa mwenye duka huuza omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya meza, akipima kwa gorogoro, kopo la kupimia, ameketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu. Ndani kidogo ndiko kwenye kaunta ya chambo: ndoana zilizochomekwa kwenye kipande cha sponji, mishipi iliyozungushwa kwenye chupa za soda, risasi za kuzamishia, na maboya yaliyochongwa kutoka kwenye kandambili kuukuu, mengine mekundu, mengine ya bluu. Minyoo huishi sakafuni ndani ya mabeseni yenye udongo, majani ya chai yaliyokwisha kutumika na maganda ya ndizi. Nyuma kabisa kuna pazia la leso, na nyuma ya pazia kuna jiko.

Mimi hutengeneza mizani. Karakana yangu iko Kawangware, karibu na stage ya matatu ya 56, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na saluni ambayo redio yake haizimwi. Wateja wangu ni wenye mabucha na wauza viazi. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua niliyapata kwenye vitabu vilivyokwisha kutumika, vya kununua kando ya barabara, vingine havina jalada. Hata uvuvi niliuanzia kitabuni. Nilisoma kwamba fimbo ya kuvulia ni wenzo, sawa na mkono wa mizani, ila mzigo wake una akili. Sentensi hiyo ilinikaa kichwani mwezi mzima. Mwishowe niliulizia mahali pa kununua ndoana, nikaelekezwa Kibera.

Nilianza kwa utaratibu. Nilivua Jumamosi, nikiwa na wenzangu wa dukani, tukienda Naivasha alfajiri na vibali vyetu mfukoni na kurudi jioni. Mkebe mmoja wa minyoo ulinitosha. Kwa hiyo ilinichukua muda kukiri nilichokuwa nikifanya, nacho ni kununua minyoo siku za Jumanne. Kisha Jumanne na Alhamisi. Kutoka Kawangware hadi Kisumu Ndogo ni mwendo wa kutoa jasho, na mtu hawezi kumvua samaki Kawangware siku ya Alhamisi, wala siku nyingine yoyote. Nilikuwa nanunua minyoo kwa sababu mwenye duka alipokuwa akiihesabu kwa vidole alikuwa na tabia ya kuisemesha. "Wewe toka. Wewe bado mdogo, rudi kwa mama yako. Wewe mkubwa hivi umekula nini?" Alikuwa mwanamke wa umri unaokaribia wangu, alicheka bila kufunika mdomo, na alijua hali ya ziwa lote la Naivasha kuliko sisi tuliokuwa tukienda, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amelitia mguu. Alilijua kutoka vinywani mwetu.

Minyoo ya ziada sikuweza kuitupa. Mwenye nyumba wangu, mzee aliyezaliwa Kawangware kabla haijawa na vyumba vya kupangisha, hufuga ng'ombe nyuma ya ploti yetu. Kila nikirudi nilikwenda kwenye rundo la samadi nyuma ya zizi lake na kuiachilia minyoo yangu, nikihakikisha hakuna anayeniona. Nilikuwa mtu mzima mwenye miwani, nimechuchumaa kwenye samadi, natabasamu peke yangu.

Kiangazi kikafika. Miezi ile ya mwanzo wa mwaka, mabati ya Kibera hugeuka kikaango. Mwenye duka alifunika mabeseni kwa magunia yaliyoloweshwa, akanyunyiza maji asubuhi na jioni, lakini minyoo ilianza kufa. Siku niliyomkuta amesimama juu ya beseni lililonuka, hana la kuiambia minyoo yake, nilirudi Kawangware mbio. Nilichimba samadi ya mwenye nyumba mpaka ndoo ikajaa. Nikaipeleka ndoo dukani kwa boda boda, nimeikumbatia mapajani, na mwendeshaji, kijana wa Kianda, hapohapo Kibera, ambaye naye ni mteja wa duka hilohilo, alikuwa akigeuka kila mara.

"Fundi, hiyo ndoo inasonga ama ni macho yangu?"

"Angalia barabara."

"Wasee hupeleka maua, fundi. Maua. Ama chipo na kuku."

"Nani amesema napeleka kitu?"

"Umevaa tai, buda."

Ni kweli nilikuwa nimevaa tai. Sikumbuki niliivaa saa ngapi.

Mwenye duka aliingiza mkono kwenye ndoo, akautoa na konzi ya minyoo minene yenye afya. Akaitazama kwa makini, kisha akanitazama mimi.

"Hawa ni wangu," alisema.

"Hapana. Ni wajukuu wa wale."

Nilimwona akipiga hesabu ya zile Jumanne na Alhamisi zote. Halafu alicheka kicheko ambacho kilimfanya mama yake, pale mezani kwa omena, ageuke. Mimi pia nilicheka, jambo ambalo si kawaida yangu, na kijana wa boda boda alipiga honi bila sababu yoyote.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona mama rasmi. Nilitoka kanisani nimevaa koti na ile tai, nimenunua sukari na majani ya chai, nimepanga maneno yangu vizuri. Nilipofika, mama alikuwa ameingia nyuma ya pazia kuchota maji. Nikaona kigoda chake, nikakikalia. Mama alipotoka, nilibaki nimeketi, kwa maana nilikuwa nimesahau jinsi ya kusimama, na nikamnyoshea mkono wa kumsalimu.

Kwa watu wangu hilo lingekuwa ukosefu mdogo wa adabu. Kwa watu wa mwenye duka, ambao chimbuko lao ni kando ya ziwa kubwa la magharibi, mwanamume anayetaka kuoa binti wa mtu hamshiki mama huyo mkono, wala wawili hao hawali wakionana, na kiti cha mama mkwe hakikaliwi hata kama nyumba imejaa maji. Nilikuwa nimefanya makosa mawili ndani ya pumzi moja, na mkono ulikuwa bado hewani. Mzee Mnubi, aliyekuwa amekuja kununua ndoana, alisema, "Astaghfirullahi, fundi," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeangalia ajali.

Mama alitazama mkono wangu kwa muda. Kisha akachukua gorogoro lake tupu akaniwekea kiganjani. Tangu hapo hakunisemesha. Alizungumza na binti yake, na mimi nikiwa hatua moja kutoka kwake.

"Huyu mtu wa Kawangware anataka nini?"

"Mama, si unajua anataka nini."

"Muulize anavua?"

Mwenye duka akanigeukia, macho yanacheka. "Mama anauliza kama wewe huvua."

"Ninavua," nilisema.

"Mwambie yule wa kwanza pia alisema anavua." Hapo uso wa binti ulibadilika kidogo. Baadaye alinieleza kwamba miaka mingi nyuma kulikuwa na mwanamume aliyetaka kumwoa, aliyekuja nyumbani kwao na samaki wakubwa kila wiki, akisema amewavua kwa mikono yake. Walikuwa wa kununua sokoni. Na maneno yake mengine yalikuwa hivyohivyo, na alipoondoka aliondoka na cherehani ya mama. "Mwambie," mama aliendelea, "siku ataniletea samaki aliyemtoa majini yeye mwenyewe, kwa ndoana yake mwenyewe, nitamsikiliza. Si wa soko. Si wa rafiki. Wa ndoana nitamjua kwa tundu la mdomoni. Kama hakuna samaki, aendelee kununua minyoo kama watu wengine, na hii tai aiweke."

Nilirudi nyumbani bado nimeshika gorogoro. Kijana wa boda boda ndiye aliyelirudisha.

Sasa lazima niseme jambo moja. Katika muda wote niliokuwa nikivua, sikuwa nimepata samaki. Nilikuwa nimepata majani, kandambili, na mara moja ndoana ya mzee Mnubi ikiwa na mzee Mnubi upande wa pili. Nilikuwa mvuvi wa nadharia. Na kiangazi si wakati wa kujifunza. Maji ya ziwa hupungua, ufuko hubaki tope lililopasuka, na ule mti mkavu hubaki na maji magotini tu. Asubuhi ziwa hulala kama kioo, na samaki huuma kidogo jua linapochomoza. Lakini jua likipanda, maji ya pembeni hupata joto na samaki hushuka kwenye kina ambako mishipi yetu haifiki. Mchana upepo huamka kwa ghafla, mishipi husokotana, na kila mtu hufungasha. Wenzangu walivua zile dakika za alfajiri, na hata wao walipata wachache. Mimi alfajiri nilikuwa bado nafunga fundo kwa njia sahihi.

Jumamosi ya kwanza nilirudi mtupu. Ya pili vilevile. Dukani nilitoa habari ya maji kikamilifu, na kutoka mezani kwa omena sauti ilisema, "Muulize ameleta nini." Binti akajibu, "Ameleta habari, Mama." Na mama akasema, "Habari haina mifupa." Mwenye duka alinijazia mkebe na kuniongezea minyoo mitatu mikubwa juu, bila kunitazama. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa akingoja. Hakuwa akicheka tena niliposema sijapata kitu.

Nikaamua kulifanya jambo hili kama ninavyofanya mizani isiyosoma sawa. Huipigi. Unatafuta mahali tatizo lilipo. Mwenye nyumba wangu aliniazima kipimajoto chake cha maziwa, nikakifunga kwenye kamba, na Jumamosi iliyofuata badala ya kuvua nilipima maji. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini.

"Fundi anapima homa ya ziwa," alisema kijana wa boda boda. "Daktari, mgonjwa atapona?"

Walipofungasha upepo ulipoanza, mimi nilibaki, kwa sababu sikuwa nimemaliza. Ndiyo maana niliona. Upepo ulisukuma mawimbi hadi kwenye kona yenye mafunjo, tope likainuka, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nikapima. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka. Maji ya katikati yalikuwa yameletwa ukingoni, yakaipoza pembe ile yote. Na ndani ya ile chai, migongo ilikuwa inageuka. Samaki walikuwa wamekuja kula miguuni pangu, saa ambayo hakuna aliyekuwapo kuwavua.

Nilitupa mshipi kwa mkono mmoja, kwani mwingine ulikuwa umeshika kamba ya kipimajoto. Boya jekundu lilizama kabla sijalitazama vizuri. Fimbo ilijikunja. Mzigo ulikuwa na akili kweli: ulikwenda kushoto, ukarudi, ukapita chini ya kamba ya kipimajoto, ukazunguka mara moja, na mshipi na kamba vikakatika pamoja. Nilibaki nimesimama na fimbo iliyonyooka na kamba isiyo na kitu. Mahali fulani katika ziwa la Naivasha yupo samaki anayejua joto la mwili wake.

Ningepaswa kuhuzunika. Nilicheza. Sina neno jingine. Nilicheza kwenye tope peke yangu, na ndege mmoja mweusi aliyekuwa akikausha mabawa yake kwenye mti mkavu aliondoka akatafuta mahali penye staha.

Shida ilianza nilipokuwa kwenye matatu ya kurudi, peke yangu. Jumatatu ningesimama mbele ya kaunta, na ningeulizwa maji yalikuwaje. Nikisema, Jumamosi inayofuata kila mtu angekuwa kwenye ile kona, bega kwa bega, na mimi ndiye mvuvi dhaifu kuliko wote. Nikinyamaza, kona ilikuwa yangu na samaki alikuwa wangu. Na si samaki tu. Nilijiambia kwamba si lazima mtu aseme uongo. Anaweza kueleza asubuhi kwa kirefu na kusahau mchana. Niliipanga sentensi hiyo kuanzia Limuru hadi mjini. Ilikuwa sentensi nzuri.

Dukani siku hiyo walikuwapo mzee Mnubi na kijana wa boda boda, wakingoja zamu. Mama alikuwa akipepeta omena. Mwenye duka aliweka mikono miwili juu ya kaunta.

"Fundi. Maji yalikuwaje?"

"Asubuhi yalikuwa matulivu," nilisema. "Ya kijani. Yamefika chini kidogo ya ile alama ya kwanza kwenye mti. Kiboko alikuwa ng'ambo, kwenye mafunjo marefu."

"Na mchana?"

Upepetaji wa omena ulisimama. Nilimtazama mwenye duka. Alikuwa akinisikiliza kama alivyosikiliza watu wote, na kwa sababu ya usikivu huo yeye, ambaye hajawahi kuliona ziwa, angeweza kutupeleka salama mpaka ukingoni akiwa amefumba macho. Ile sentensi yangu nzuri iligoma kutoka.

"Mchana," nilisema, "upepo ukianza, msiondoke." Na nikaeleza yote: kona, rangi ya chai, kipimajoto, migongo ikigeuka, hata yule samaki aliyeondoka na mali ya mwenye nyumba wangu.

Kisha mzee Mnubi alisema polepole, "Fundi, na wewe si unahitaji samaki kuliko sisi wote?"

"Maji ni ya wote," nilisema.

"Wacha! Huyu jamaa ni mwenda wazimu," alisema kijana wa boda boda, na papo hapo akaomba mikebe miwili.

Mama alianza tena kupepeta, lakini nadhani alipepeta zilezile alizokwisha kupepeta.

Jumamosi ile kona ilijaa. Walikuwapo hata watu wa Kawangware ambao sikujua kama huvua. Upepo ulipoamka, hakuna aliyefungasha, na maji yalipogeuka chai, ziwa lilifunguka kama duka siku ya bei ya chini. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa watu wazima. Maboya yalizama kila upande. Watu walipiga kelele, wakakanyagana, wakaombana radhi, wakashikiana fimbo. Mzee Mnubi alimtoa samaki mkubwa mwenye magamba mapana, akamlaza kwenye nyasi na kukaa kando yake kimya, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na samaki ambaye hakuhitaji kumwongezea kitu, na hakujua aseme nini.

Mimi sikupata. Kulia kwangu walivua, kushoto kwangu walivua. Mnyoo wangu uliliwa, nikaweka mwingine, ukaliwa. Jua lilianza kuinama, na dereva wa gari letu akapiga honi kule barabarani. Mzee Mnubi akanijia na yule samaki wake mikononi.

"Chukua, fundi. Ana tundu la ndoana mdomoni. Wallahi hatajua."

"Si wa ndoana yangu, mzee."

"Ndoana ni ndoana."

"Alisema si wa rafiki."

Alinitazama, akatikisa kichwa, na nikaona amefurahi kidogo kubaki na samaki wake.

Honi ikapigwa tena. Nilianza kuvuta mshipi wangu ili niufunge, na nikahisi kitu. Sikuwa na hakika kwamba ni kitu. Ilikuwa kama mtu anayekugusa kwenye msongamano halafu akajuta. Nilivuta. Kwenye ncha ya ndoana, akining'inia na kumeta kwa hasira, alikuwapo ngege, yaani tilapia, mwenye urefu wa kidole changu cha kati.

Kona nzima iligeuka kutazama. Kisha kijana wa boda boda akauliza, kwa heshima kubwa, "Fundi, huyo ni samaki ama ni chambo?"

Vicheko vilivyofuata vilimfanya dereva ashuke garini kuja kuona nani amekufa.

"Mrudishe huyo mtoi, mathe wake anamtafuta!"

"Mwitie mizani, fundi! Mizani!"

Ningemrudisha, kwa kuwa ndiyo desturi yetu kwa wadogo, lakini alikuwa amemeza ndoana hadi ndani na hangeishi. Na tayari nilikuwa nakumbuka maneno ya mama, neno kwa neno, kama ninavyokumbuka maagizo ya mteja. Alisema samaki. Alisema ametolewa majini na mimi, kwa ndoana yangu. Kuhusu ukubwa hakusema kitu. Nilisuuza mkebe wangu wa minyoo, nikamlaza humo, na nikacheka njia nzima pamoja na wale walionicheka. Tulipofika, mwenye bucha mmoja rafiki yangu alisisitiza tumpime. Mizani yake niliitengeneza mwenyewe na ninaiamini. Mshale haukusogea.

Jumapili mchana nilikwenda Kisumu Ndogo. Bila tai. Nilidhani nitamkuta mama na binti tu, lakini mzee Mnubi alikuwa anachagua ndoana ambazo hakuzihitaji, na kijana wa boda boda alikuwa ameegesha pikipiki mlangoni akisema inapoa. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Nilisimama mbali, mikono nyuma, nikampa mwenye duka ule mkebe. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua tena, akauma mdomo, na mabega yake yakaanza kutetemeka.

"Mama," alisema kwa shida, "ameleta."

Mama aliinuka, akaupokea mkebe, akamtoa samaki kwa vidole viwili. Akamwinua kwenye mwanga. Akafungua kile kimdomo kwa ukucha na kulitazama tundu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Muulize," alisema, "Jumamosi watu wengine walipata?"

"Wote walipata, Mama. Wakubwa."

"Walijuaje mahali?"

"Si aliwaambia yeye. Hapa. Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

Mama alichukua mkebe na samaki, akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia jiko likipulizwa. Tukasikia mafuta, kisha mlio mdogo sana wa kitu kidogo sana kikikaangwa. Mwenye duka alikuwa ameshika ukingo wa kaunta na hakuwa akicheka tena. Alitazama leso ile kana kwamba imeandikwa kitu. Nilijua kwao mama hawezi kula mbele ya mkwe wake. Nilijua pia kwamba hangeweza kula samaki wa mtu asiyemtaka. Angemtoa samaki huyo nje kwenye sahani, bila kuguswa, na mambo yangeishia hapo.

Kisha, nyuma ya pazia, kra. Ikafuatiwa na kra ya pili, ya mkia nadhani. Halafu sauti ya mtu anayelamba kidole.

Mwenye duka alifunika uso wake kwa mikono miwili. Mzee Mnubi alisema, "Alhamdulillahi," na kijana wa boda boda akakimbilia pikipiki yake na kuipiga honi hadi wapita njia wakasimama. Mimi nilitafuta pa kujishikiza, nikakosa, nikaketi.

Pazia lilisogea upana wa jicho moja.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ya mama ilisema, "chumvi niliisahau. Na mwambie atoke kwenye kiti changu."